Huzuni Isiyo na Sababu: Swali la Kale Ndani ya Wimbo wa Kifaransa

Shairi la tatu katika kitabu cha Paul Verlaine kiitwacho Romances sans paroles, kilichochapishwa mwaka 1874, lina beti nne tu. Ndani ya beti hizo mna swali lililowashughulisha wanafalsafa na wanazuoni wa dini kwa karne nyingi: je, moyo unaweza kuhuzunika bila sababu? Mvua inanyesha juu ya mji, na moyo wa msemaji nao unalia. Msemaji anajichunguza. Haoni kosa alilotendewa wala mtu wa kumlaumu, na mwisho anakiri kwamba hakuna maumivu yanayozidi haya ya kuumia bila kujua kinachouma. Watungaji wa muziki wa Ufaransa walilipenda shairi hili mapema. Claude Debussy alilitungia muziki kati ya 1885 na 1887, Gabriel Fauré akalitungia wa kwake mwaka 1888, na nyimbo zote mbili zinaimbwa hadi leo.

Nyimbo za aina hii Wafaransa huziita mélodie. Mtungaji huchukua shairi lililokwisha kuandikwa, akalitilia muziki wa sauti ya mtu mmoja na piano. Sanaa hii ilichanua katika nusu ya pili ya karne ya 19, baada ya Hector Berlioz kufungua njia kwa Les nuits d'été, nyimbo zilizotokana na mashairi ya Théophile Gautier. Katika opera mwimbaji ana jina, vazi na kisa; msikilizaji anajua nani amekufa na nani ameachwa. Katika mélodie mwimbaji husimama kando ya piano akiwa na nguo zake mwenyewe. Kwa dakika mbili au tatu msikilizaji huonyeshwa hali moja ya moyo bila kuelezwa ni ya nani wala imetoka wapi. Ndiyo maana swali la Verlaine lilikaa vizuri katika sanaa hii kuliko jukwaani.

Umbo la shairi

Kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo una mizani sita. Vina vya mshororo wa kwanza, wa tatu na wa nne vinalingana, na mshororo wa pili unabaki bila mwenzake. Zaidi ya hapo, neno linalofunga mshororo wa kwanza ndilo linalorudi kufunga mshororo wa nne, katika beti zote nne. Kwa hiyo kila ubeti unaondoka na kurejea palepale ulipoanzia, na njiani mshororo mmoja umeachwa peke yake. Umbo linatenda kile ambacho maneno yanakisema: fikra inazunguka na haifiki.

Jambo jingine limo katika sarufi. Verlaine amekiweka kitenzi cha kulia katika umbo lilelile ambalo Kifaransa hulitumia kwa kunyesha kwa mvua, umbo lisilotaja mtendaji. Hasemi kwamba yeye analia. Kulia kunatokea ndani ya moyo wake, kama mvua inavyotokea mjini, na yeye ni mtu aliyeikuta hali hiyo.

Wanaoyajua maisha ya mshairi huyu hawakosi sababu za kumpa. Mwaka 1872 alimwacha mkewe, Mathilde Mauté, pamoja na mtoto mchanga, akaondoka na mshairi kijana Arthur Rimbaud. Tarehe 10 Julai 1873, mjini Brussels, alimpiga Rimbaud risasi na kumjeruhi mkononi. Alihukumiwa kifungo cha miaka miwili, na kitabu chake kilipotoka yeye alikuwa gerezani Mons, Ubelgiji. Aliyekisimamia ni rafiki yake Edmond Lepelletier. Kwa maisha ya namna hiyo mtu angeweza kusema kwamba sababu zilikuwa tele, ila msemaji wa shairi hakutaka kuziona.

Pingamizi hilo linasaidia kulinyoosha swali. Neno “sababu” hubeba mambo mawili. Kuna chanzo, yaani kilichoileta huzuni, na kuna kinachohuzunikiwa, yaani jambo ambalo mwenye huzuni analiwaza anapohuzunika. Mama aliyefiwa anavyo vyote viwili kwa pamoja: kifo kimeileta huzuni, na aliyekufa ndiye anayeliliwa. Mtu aliyekosa usingizi siku tatu anaweza kuwa na chanzo bila kuwa na anayemlilia. Msemaji wa Verlaine hakani kwamba huzuni yake ilitoka mahali fulani. Anachosema ni kwamba akiitazama haoni inamhusu nani wala nini. Swali la kifalsafa basi ni hili: hali isiyohusu kitu chochote inastahili kuitwa huzuni?

Majibu ya wanafalsafa

Al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, aliandika risala juu ya njia za kuondoa huzuni. Anaanza kwa kanuni ya kitabibu: maumivu ambayo sababu zake hazijulikani hayapati dawa. Kisha anaieleza huzuni kuwa ni maumivu ya nafsi yanayotokana na kupotewa na kinachopendwa au kukosa kinachotafutwa. Tiba yake inafuata kutoka hapo. Vitu vya dunia hii vina desturi ya kuja na kuondoka, na anayetaka vidumu anataka visiwe vile vilivyo. Mwenye busara ataelekeza mapenzi yake kwenye mambo ya akili, ambayo hayaibiwi wala hayaozi. Mafundisho haya yamepangika vizuri, lakini yanamwacha nje msemaji wa Verlaine. Yeye hakupotewa na kitu anachokijua, na kwa kanuni ya al-Kindi mwenyewe ni mgonjwa asiye na dawa.

Aliyemfungulia mlango mgonjwa huyo ni Abu Zayd al-Balkhi (850–934), aliyefuata njia ya al-Kindi. Katika kitabu chake juu ya afya ya miili na nafsi, al-Balkhi aligawa huzuni mafungu mawili. La kwanza lina sababu inayojulikana, kama vile kufiwa au kupoteza mali. La pili humshika mtu bila yeye kujua kwa nini, likamnyima raha ya vitu alivyokuwa akivifurahia. Fungu hili la pili, alisema, chanzo chake kimo mwilini, katika hali ya damu, na tiba yake huanzia mwilini. Maelezo ya damu yamepitwa na wakati, lakini mgawanyo wenyewe haujapitwa: matabibu wa leo wanajua kwamba sonona inaweza kumkumba mtu ambaye mambo yake yote yanakwenda vizuri. Kwa al-Balkhi, basi, huzuni isiyo na sababu inayo sababu, ila sababu hiyo haimo miongoni mwa mambo anayoyawaza mwenye huzuni.

Katika Ukristo wa Magharibi, Thomas Aquinas (1225–1274) alikuwa karibu zaidi na al-Kindi. Kwake huzuni huzaliwa pale nafsi inapotambua kwamba jambo baya limeifika. Kutambua ni sharti. Pasipo utambuzi huo wa ndani kunaweza kuwa na maumivu ya mwili, lakini huzuni haijazaliwa bado. Søren Kierkegaard, mwaka 1844, alipendekeza njia nyingine kwa kutenganisha hofu na fadhaa: hofu humwogopa simba au hukumu, ilhali fadhaa haina kinachoogopwa, na hutokana na mwanadamu kujikuta huru mbele ya mambo ambayo bado hayajawa. Kierkegaard hakuiona hali hiyo kuwa kasoro ya fikra, maana kwake ni alama kwamba mwanadamu ni zaidi ya mnyama anayeukimbia mkuki.

Muziki unaweza kubeba nini

Mjadala huu ulipoingia katika falsafa ya muziki uligawa watu kambi mbili. Arthur Schopenhauer, katika kitabu chake kikuu kilichotoka mwishoni mwa 1818, alidai kwamba muziki hauonyeshi furaha ya fulani au huzuni ya fulani. Unaonyesha furaha yenyewe na huzuni yenyewe, zikiwa zimevuliwa matukio yanayoziandama na hata sababu zilizozileta. Eduard Hanslick, mhakiki wa Vienna, alisimama upande wa pili mwaka 1854. Hisia mahususi, alisema, hujengwa juu ya wazo. Tumaini halipo pasipo wazo la jema linalotarajiwa, na mapenzi hayapo pasipo wazo la anayependwa. Sauti tupu hazibebi mawazo ya namna hiyo. Kinachowezekana kwa muziki ni kuonyesha mwendo wa hisia tu: kwenda mbio na kuzorota, kupanda na kushuka, kupata nguvu na kufifia.

Kuhusu muziki mwingi kambi hizi hazipatani, lakini mbele ya shairi la Verlaine ugomvi unapungua. Huzuni inayoelezwa humo haina wazo la kitu kilichopotea. Ina mwendo tu, wa kudondoka na kurudiarudia. Hata kwa kipimo kikali cha Hanslick, muziki unaweza kuibeba karibu yote. Na kwa kipimo cha Schopenhauer, hiyo ndiyo huzuni yenyewe bila nyongeza. Jina la kitabu, lenye maana ya nyimbo zisizo na maneno na lenye kukumbusha vipande vya piano vya Felix Mendelssohn, linaonyesha kwamba mshairi alitaka hasa maneno yake yafanye kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na sauti.

Hata hivyo mélodie ina maneno, na maneno ya shairi hili hayaishii katika kuhuzunika. Yanauliza. Kuuliza “kwa nini” ni kazi ya akili ambayo piano haiwezi kuifanya. Kwa hiyo wimbo unakuwa na pande mbili: ala inabeba huzuni, sauti inabeba swali. Namna pande hizo zinavyopangwa ndiyo inayotofautisha mtungaji mmoja na mwingine.

Debussy na Fauré

Debussy alikuwa na uhusiano wa zamani na nyumba ya Verlaine bila mshairi mwenyewe kuhusika: utotoni alifundishwa piano na Antoinette Mauté, mama wa Mathilde. Alishinda tuzo ya Prix de Rome mwaka 1884, na sehemu ya miaka aliyotunga nyimbo hizi aliishi Villa Medici, Roma, kwa ufadhili wa tuzo hiyo. Nyimbo sita alizozitunga kwa mashairi ya Verlaine zilitoka mwaka 1888, kisha zikatolewa upya mwaka 1903 kwa jina la Ariettes oubliées, wakati jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma kwa opera ya Pelléas et Mélisande.

Wimbo wa mvua ni wa pili katika mkusanyo huo. Umo katika skeli ya G-sharp minor, na maagizo ya mtungaji yanataka mwendo wa wastani, wenye huzuni na usiobadilika. Piano inaanza peke yake. Noti fupi zinapishana mbili mbili bila kupumzika, na ndani yake unapita mstari mfupi wa wimbo unaojirudia. Mwimbaji anapoingia, mvua amekwisha kuikuta inanyesha, hakuianzisha yeye. Sarufi ya Verlaine, ile ya kulia kusiko na mtendaji, imegeuzwa kuwa mpangilio wa muziki.

Badiliko kubwa linatokea katika ubeti wa tatu, pale msemaji anaposhtuka na kujiuliza kama kweli hakuna aliyemsaliti. Noti za mvua zinakatika. Mwendo unapungua, piano inashikilia noti ndefu, na sauti inabaki karibu peke yake, ikinena zaidi ya kuimba. Kwa kitambo kifupi akili imejitenga na huzuni, imesimama mbele yake na kuidai jibu. Jibu halipatikani, na mvua inarejea kama ilivyokuwa. Msikilizaji anaelewa bila kuelezwa kwamba huzuni haikuondoka muda ule wa kuulizwa, ilinyamaza tu.

Fauré aliuita wimbo wake Spleen, jina ambalo shairi hili halikuwa nalo. Jina hilo huwachanganya watu, kwa sababu wimbo wa sita wa Debussy nao unaitwa hivyo ingawa shairi lake ni jingine. Wimbo wa Fauré ni wa tatu katika Op. 51 na umo katika skeli ya D minor. Ulikuwa wa pili kwake kutungia mashairi ya Verlaine, baada ya Clair de lune wa mwaka 1887. Fauré hasimamishi mvua kama Debussy. Piano inaendelea na mapigo yake, na swali linaulizwa ndani ya mwendo uleule. Kwa Debussy swali linakatiza huzuni. Kwa Fauré swali ni sehemu ya huzuni yenyewe, na anayeuliza hajapata hata nafasi ya kusimama kando. Hizo ni fikra mbili tofauti kuhusu uhuru wa akili mbele ya moyo, na kila moja imetolewa kwa noti bila hoja hata moja.

Kwa nini watu husikiliza huzuni

Swali jingine linazaliwa hapa. Mtu anayelipa kiingilio ili asikilize huzuni isiyo yake anatafuta nini? Augustino wa Hippo, katika kitabu cha tatu cha Maungamo yake, anasimulia jinsi alivyopenda michezo ya kuhuzunisha alipokuwa kijana Karthago, na anastaajabu kwamba watu hufurahia kulia kwa mambo ambayo wasingependa yawapate. Aliihesabu raha hiyo kuwa ugonjwa, kwa sababu huruma ya ukumbini haimsaidii mtu yeyote. Katika kitabu cha kumi wasiwasi wake unaingia hadi kanisani: anakiri kwamba uimbaji wa zaburi humwinua, lakini kila anapoguswa na sauti kuliko yale yanayoimbwa, anajiona ametenda dhambi.

Aquinas alikuwa mpole zaidi. Alipojiuliza ni nini hupunguza huzuni, alitaja mambo matano: raha yoyote, machozi, huruma ya marafiki, kuitafakari kweli, na mwisho usingizi pamoja na kuoga. Orodha hiyo ya mwanateolojia mkubwa haidharau maji ya kuoga. Maelezo yake kuhusu machozi ndiyo yenye uzito kwa suala la wimbo. Kwanza, alisema, kinachoumiza huumiza zaidi kikifungiwa ndani, maana nafsi hukikazia macho. Kikitolewa nje, nafsi hutawanyika na maumivu hupungua. Pili, tendo lolote linalolingana na hali ya mtu lina utamu fulani kwake, na kwa mwenye huzuni kulia ndilo tendo linalolingana na hali yake. Kwa hoja hiyo wimbo wa huzuni unafariji kwa sababu unalingana, bila kulazimika kufurahisha. Mwenye huzuni isiyo na jina akiusikia wimbo wa Debussy anakuta kitu cha nje kinachokwenda kwa mwendo wa moyo wake, na hilo peke yake linampa nafuu ambayo nasaha za al-Kindi zisingempa.

Hukumu ya dini

Dini zina swali la ziada: huzuni ya namna hii ni neema, ugonjwa au kishawishi? Evagrius wa Ponto, mtawa aliyeishi jangwani Misri na kufariki mwaka 399, alieleza hali ambayo Wagiriki waliiita akedia. Humjia mtawa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Jua linaonekana kama halisogei. Mtawa anachungulia dirishani, anatoka nje kulitazama jua limebakisha kiasi gani kufika saa tisa, saa ya chakula. Anaichukia sehemu aliyopo, kazi yake na maisha yake, na anaanza kuamini kwamba ndugu wameacha kupendana. Hakuna msiba uliotokea. Evagrius aliiweka hali hiyo miongoni mwa fikra nane mbaya zinazomshambulia mtawa, na baada yake mapokeo ya Kanisa la Magharibi yaliihesabu akedia, pamoja na huzuni, katika orodha ya vichwa vya dhambi.

Lakini dawa aliyoiandika haikuwa karipio. Mtawa avumilie katika chumba chake, na shambulio likizidi, ailie. Kwa machozi aigawe nafsi yake sehemu mbili, moja iwe ya kufariji na nyingine ya kufarijiwa, kisha aimbe maneno ya Daudi katika Zaburi ya 42, pale mwimbaji anapoiuliza nafsi yake kwa nini imeinama na kufadhaika, na kuiambia imtumaini Mungu. Hii ni karne kumi na tano kabla ya Verlaine, na agizo ni lilelile ambalo mélodie imelitimiza: imba, na katika kuimba iulize nafsi kwa nini. Jambo la kuangaliwa ni kwamba zaburi hiyo, kama Evagrius anavyoitumia, haimtaki mtawa aipate sababu. Faraja inaanza pale nafsi inapogawanyika, kwa sababu anayeweza kuiuliza huzuni yake amekwisha kuwa zaidi ya huzuni hiyo. Piano inayolia na sauti inayouliza ni mgawanyo huohuo.

Upande wa Uislamu, Abu Hamid al-Ghazali (aliyefariki 1111) alilizungumzia suala hili katika Ihya Ulum al-Din, kwenye kitabu cha adabu za usikilizaji. Wanazuoni hawakukubaliana kuhusu uhalali wa ala za muziki, na Ghazali mwenyewe aliweka masharti. Kuhusu nyimbo za huzuni aligawa huzuni mafungu mawili. Kuhuzunikia yaliyopita na waliokufa, kwa namna ya kuikataa kadari ya Mwenyezi Mungu, ni kubaya, na wimbo unaokuchochea ni mbaya pia. Kujihuzunikia kwa upungufu katika dini ni kwema, na wimbo unaokuamsha una sifa njema. Kipimo ni kile ambacho moyo unakihuzunikia.

Ghazali alijua pia kwamba kuna hali inayokwepa kipimo hicho. Mtu husikia sauti za ala zisizo na maneno, akahisi shauku kubwa, wala asijue anakitamani nini. Anafananisha hali yake na ya kijana anayebalehe bila kuwahi kusikia habari za wanawake: matamanio yamekwisha kumfika, na kinachotamaniwa hakijui. Ndivyo, anasema, nafsi ya mwanadamu ilivyo na ulimwengu wa juu inaonasibiana nao. Shauku ipo, maarifa ya kinachotamaniwa hayapo, na matokeo ni mfadhaiko. Kwa maelezo haya huzuni isiyo na sababu inahusu kitu kikubwa mno. Aliyenayo ndiye hajatambulishwa nacho.

Huzuni yenye sababu

Verlaine mwenyewe anatoa mfano wa upande wa pili. Alipokuwa kizuizini Brussels mwaka 1873, kabla ya kuhamishiwa Mons, aliandika shairi jingine fupi juu ya vitu vinavyoonekana na kusikika kutoka chumba cha mfungwa: anga juu ya paa, mti unaoyumba, kengele, ndege. Katika Mes prisons, kitabu cha kumbukumbu alichokitoa mwaka 1893, anaeleza kwamba mti huo aliuona kweli kupitia dirisha la gereza. Beti tatu za kwanza ni tulivu. Wa mwisho unageuka kuwa swali, na safari hii linaelekezwa kwa mtu: anayelia anaulizwa ameufanyia nini ujana wake. Reynaldo Hahn alilitungia muziki mwaka 1892 kwa jina D'une prison, wimbo mtulivu ambao sauti yake haitembei mbali. Fauré aliliita Prison mwaka 1894: piano inapiga hatua za kusawazika, na sauti inapofika kwenye swali inapasuka, kisha inashuka imechoka.

Hapa huzuni ina jina, nalo ni majuto. Mtume Paulo, katika waraka wa pili kwa Wakorintho, alitenganisha huzuni iliyo kwa mapenzi ya Mungu, iletayo toba, na huzuni ya dunia, iletayo mauti. Shairi la gerezani linasimama mlangoni mwa ile ya kwanza. Mwaka 1874, akiwa Mons, baada ya kupata habari kwamba mkewe ameruhusiwa kisheria kutengana naye, Verlaine alirudi katika imani ya Kikatoliki. Shairi hilo aliliingiza katika Sagesse, kitabu chenye tarehe ya 1881, ambamo pia mna mfululizo wa mashairi ya mazungumzo kati ya Mungu na nafsi. Mtiririko wa swali unaonekana wazi: katika shairi la mvua halielekezwi kwa mtu, gerezani mtu anajiuliza mwenyewe, na katika mazungumzo ya Sagesse linapata wa kuliitikia. Maisha ya Verlaine baada ya hapo hayakunyooka. Aliendelea na ulevi, akalazwa mara nyingi hospitalini, na alifariki Paris akiwa fukara tarehe 8 Januari 1896. Kupata jina la huzuni hakukuwa sawa na kuponywa.

Majibu yaliyotolewa juu ya huzuni isiyo na sababu yanaonekana kupingana, lakini kila moja linajibu “kwa nini” yake. Al-Balkhi anajibu juu ya chanzo, naye anakitafuta mwilini. Al-Kindi na Aquinas wanajibu juu ya kilichopotea, na wanadai kitambuliwe ndipo kitibiwe. Ghazali anajibu juu ya kinachotamaniwa, akisema kutojulikana kwake si dalili kwamba hakipo. Evagrius hajibu juu ya chanzo wala kitu. Anaagiza cha kufanya wakati jibu halijapatikana. Nyimbo za Debussy na Fauré ziko karibu na Evagrius kuliko wengine. Zinatimiza nusu ya agizo lake, ile ya kuigawa nafsi na kuiuliza, na zinaishia hapo, kwa kuwa nusu ya pili, ya kuiambia nafsi imtumaini nani, haimo katika uwezo wa muziki. Inatoka kwenye imani ya anayesikiliza.